Mwajiri na Afya ya Vibarua Wake

Ukiiacha barabara kuu ya Morogoro hapa Kibaha ukaelekea Sofu, utaona nyumba nyingi zinajengwa. Palipo na nyumba zinazojengwa pana matofali, na palipo na matofali pana vijana wanaoyafyatua. Asubuhi na mapema utawakuta wameshika koleo, wanachanganya mchanga na saruji. Jioni utawakuta wamejaa vumbi tangu nywele hadi kope. Wanalipwa, wanakwenda nyumbani, na kesho wanarudi.

Somo letu linawahusu vijana hawa. Lakini zaidi linamhusu yule anayewalipa. Tunataka kujua ana wajibu gani juu ya afya yao, na anaweza kufanya nini kwa fedha kidogo aliyo nayo.

Mwajiri ni nani?

Ukimwuliza mtu "mwajiri ni nani", mara nyingi atakuonyesha kiwanda. Mkoa wetu wa Pwani una viwanda vingi siku hizi, na kweli wenye viwanda hivyo ni waajiri. Lakini si wao peke yao. Mtu mwenye mashine moja ya kufyatulia matofali na vijana wanne ni mwajiri. Mama mwenye mgahawa anayemlipa msichana wa kuosha vyombo ni mwajiri. Mkulima wa Kisarawe anayewaita vibarua kupulizia dawa mikorosho yake ni mwajiri pia. Pengine wewe unayesoma ukurasa huu ni kibarua mwezi huu, na mwezi ujao utakuwa mwajiri kwa kumwita kijana akuchimbie choo.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu na kujadiliana. Walijifunza juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Baada ya kujifunza walifyeka majani, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Kampeni ile ilitazama zaidi nyumba na kijiji. Lakini mtu anakaa kazini mchana kutwa, siku sita kwa wiki. Akirudi kwenye nyumba safi akiwa na kifua kilichojaa vumbi, usafi wa nyumba hautamtosha.

Mwaka 2003 Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Sheria hii inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa kazi haimdhuru mfanyakazi. Inadai mahali pa kazi paandikishwe, pawe na maji ya kunywa, choo na huduma ya kwanza. Wafanyakazi nao wapimwe afya na daktari. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaojulikana kwa jina la OSHA, ndio unaosimamia sheria hii na kutuma wakaguzi. Wakaguzi hawawezi kufika kila uwanja wa matofali kila wiki. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inabaki mikononi mwa mwajiri mwenyewe na watu wake.

Vumbi

Tuanze na vumbi, maana ndilo adui mkubwa wa wafyatua matofali.

Vumbi lipo la aina mbili. Lipo lile kubwa unaloliona. Hilo huingia puani, ukapiga chafya au ukakohoa likatoka. Lipo na jingine dogo sana, ambalo jicho halilioni ila pale mwali wa jua unapopita dirishani. Hilo dogo ndilo baya. Linapita pua, linapita koo, linafika chini kabisa kwenye mapafu, nalo halitoki. Mchanga una madini yaitwayo silika. Vumbi la silika likikaa kwenye mapafu kwa miaka, linayatia makovu. Mapafu yenye makovu hayavuti hewa vizuri. Mtu anapanda mlima mdogo, anahema kama aliyekimbia. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Tena mwenye makovu hayo hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine. Wachimbaji wa tanzanite kule Mirerani wanaufahamu ugonjwa huu, kwa sababu wanatoboa mwamba mahali pasipo na hewa ya kutosha. Hatari ya uwanja wa matofali ni ndogo kuliko ile ya shimo la madini. Lakini anayechekecha mchanga mkavu kila siku kwa miaka kumi anavuta vumbi la jamii ile ile.

Saruji nayo ina ubaya wake. Ikikutana na maji au jasho inakuwa kali, inachoma ngozi. Kwanza mkono unakauka, halafu unapasuka, halafu vidonda vinatokea kati ya vidole. Kijana anadhani ni fangasi, anapaka dawa ya fangasi, na vidonda haviponi kwa sababu kesho asubuhi anarudi kwenye saruji ile ile.

Sasa mwajiri afanye nini? Wengi wakisikia neno vumbi, kitu cha kwanza wanachofikiria ni barakoa. Mimi naona huko ni kuanzia mwisho. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi dogo. Barakoa nzuri zipo, lakini ni ghali. Tena katika joto la Pwani kijana ataivaa nusu saa, halafu ataishusha kidevuni. Afadhali kwanza kulizuia vumbi lisiruke. Na kitu kinachozuia vumbi lisiruke kinapatikana kila mahali, nacho ni maji.

Tuna ushahidi wa jambo hili hapa hapa nchini. Watafiti waliwachunguza wafanyakazi wa viwanda vya mkonge vya Tanzania, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Katika kiwanda cha mkonge kuna sehemu ya korona, ambapo jani bichi linapondwa ili kutoa singa. Huko kila kitu kimelowa. Kisha singa zinaanikwa, na zikikauka zinapelekwa kwenye mashine za brashi. Huko vumbi ni jingi. Watafiti waliona kuwa watu wa brashi walikuwa na kikohozi na matatizo ya kifua zaidi ya watu wa korona. Wote walikuwa wanashughulika na mkonge ule ule, ila mmoja ulikuwa mbichi na mwingine mkavu.

Basi mwenye uwanja wa matofali aunyunyizie mchanga maji kidogo kabla haujachekechwa. Mfuko wa saruji usimwagwe kutoka begani. Uwekwe chini, ukatwe, umwagwe polepole karibu na mchanga. Mchanganyaji asimame upande ambao upepo unatokea, ili vumbi limwendee mbele na si usoni. Jioni uwanja ufagiliwe baada ya kunyunyiziwa maji. Mambo haya yote hayagharimu zaidi ya ndoo kadhaa za maji. Baada ya hayo ndipo mwajiri anunue glovu za mpira, mabuti ya mpira na barakoa nzuri kwa yule anayemwaga saruji. Vifaa hivyo anunue mwajiri. Asimkate kibarua mshahara kwa ajili ya glovu. Pia aweke ndoo ya maji na sabuni karibu na kazi, ili watu wanawe mikono kabla ya kula na kabla ya kwenda nyumbani.

Mkulima wa mikorosho naye ana vumbi lake, yaani salfa ya unga. Salfa inawasha macho na kifua. Mwenye shamba ampe mpulizaji miwani, barakoa, shati la mikono mirefu na mabuti. Kazi ifanywe asubuhi wakati upepo umetulia. Nguo zile zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo za watoto.

Jua, maji na uzito

Hapa kwetu joto ni kali, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Mtu anayefanya kazi nzito juani anatoka jasho jingi, na jasho hilo lazima lirudishwe mwilini. Wataalamu wanashauri mtu wa kazi nzito kwenye joto anywe kikombe kimoja, kama robo lita, kila baada ya dakika 15 au 20. Asingoje kiu. Kiu ikija, mwili tayari umeshapungukiwa.

Ni rahisi kusema "wanywe maji". Lakini maji yapo wapi? Katika viwanja vingi pana pipa moja, nalo ni la kuchanganyia saruji. Kibarua anachota humo humo kwa kopo. Mwajiri aweke chombo cha maji safi ya kunywa, chenye mfuniko na bomba, kikae kivulini, karibu na kazi. Chombo kikiwa mbali hakuna atakayekwenda. Kivuli nacho kinapatikana kwa turubai moja na miti minne.

Mfanyakazi akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, apelekwe kivulini, anyweshwe maji, apepewe. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akianguka, hiyo ni hatari kubwa. Mwili wake umwagiwe maji, apepewe, na wakati huo huo itafutwe gari ya kumpeleka hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Mfuko wa saruji una kilo 50. Kuubeba begani mara moja si ajabu, lakini kuubeba mara arobaini kwa siku kunaumiza uti wa mgongo. Toroli moja inaokoa migongo ya vijana wanne. Pasipo na toroli, mfuko ubebwe na watu wawili.

Malipo nayo ni jambo la afya

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu wengi hawaliweki katika somo la afya.

Vijana wengi wa matofali hulipwa kwa hesabu ya matofali. Tuseme kijana analipwa Sh. 100 kwa tofali. Akifyatua 150 anapata Sh. 15,000. Akifyatua 200 anapata Sh. 20,000. Malipo ya namna hii yanaonekana ya haki, maana anayefanya zaidi anapata zaidi. Lakini tazama yanavyofanya kazi kwenye mwili. Kila dakika anayokaa kivulini inampunguzia matofali. Kila safari ya kwenda kunywa maji ni fedha iliyoanguka. Kunyunyizia mchanga maji kunachelewesha. Kuvaa glovu kunachelewesha. Hivyo kijana mwenyewe anajinyima maji, anajinyima kupumzika, anavua glovu. Mwajiri anakuja anasema, "Nimewapa vifaa, hawataki kuvivaa. Vijana wa siku hizi wakaidi." Wala si ukaidi. Malipo yenyewe ndiyo yanayomwambia avue glovu.

Mwajiri anayetaka watu wake wawe wazima aanzie hapo. Anaweza kulipa kiasi fulani kwa siku, ambacho kibarua anakipata hata kazi ikiwa ndogo, kisha akaongeza kidogo kwa kila tofali. Anaweza pia kusimamisha kazi yote kwa pamoja, saa nne na saa nane, mashine ikazimwa na kila mtu akaenda kivulini. Wote wakipumzika pamoja, hakuna anayemwacha mwenzake nyuma. Muda wa kunyunyizia maji na kufagia ulipwe kama muda wa kazi, kwa sababu ni kazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka ya saa. Kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku, wala saa 45 kwa wiki, wala siku 6 kwa wiki. Aliyefanya kazi saa tano mfululizo apewe mapumziko ya saa moja. Saa za ziada zilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Tena mshahara ulipwe siku iliyoahidiwa. Kibarua asiyelipwa kwa wiki tatu anakuja kazini bila kula. Mwenye njaa anatetemeka mikono, na karibu na mashine mikono inayotetemeka inakatika vidole. Usiku halali, anafikiria deni la dukani na ada ya mtoto. Asubuhi mwajiri anamwona mzito, anamtukana mbele ya wenzake. Watu wengine hudhani matusi hayaumizi mwili. Lakini mtu anayetukanwa kila siku anaogopa kusema kuwa waya wa mashine umechunika, au kwamba jana alikohoa damu. Anakaa kimya hadi litokee jambo.

Kibarua akiugua

Kwa sheria ile ya mwaka 2004, mfanyakazi aliyemaliza miezi sita kazini na anayeleta cheti cha daktari ana haki ya likizo ya ugonjwa. Katika kipindi cha miezi 36 anaweza kupata siku 126. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, na 63 za pili analipwa nusu. Mama aliyejifungua anapata siku 84, na akijifungua zaidi ya mtoto mmoja anapata siku 100. Akirudi kazini apewe muda wa kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Kwa mama lishe au mpishi wa mgahawa hayo si mambo ya ofisini tu. Yanamhusu na yeye kama ameajiriwa.

Kikohozi kinachozidi wiki mbili kisichukuliwe kuwa mafua. Mwajiri amwambie mtu wake aende kituo cha afya au Hospitali ya Tumbi akapimwe kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure, na kwa kawaida hunywewa kwa miezi sita. Mgonjwa akizinywa sawasawa anapona, na daktari atamwambia lini anaweza kurudi kazini. Mwajiri anayemfukuza mwenye kikohozi anadhani amejikinga. Kumbe amewafundisha waliobaki kuficha kikohozi chao, na sasa wanakohoa chini ya turubai lile lile. Vile vile, sheria inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ana virusi vya UKIMWI.

Ajali nazo zinatokea hata kwa mwangalifu. Kila mahali pa kazi pawe na sanduku la huduma ya kwanza, na mtu mmoja anayejua kulitumia. Saruji ikiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi kwa dakika 20, kisha mtu apelekwe hospitali. Watu wasimngoje mwenye uwanja atoke mjini ndipo waanze kuosha.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Ulianza kazi yake mwaka 2015. Mtu akiumia kazini, au akipata ugonjwa unaotokana na kazi, Mfuko unalipa matibabu na fidia. Akifa, wategemezi wake wanalipwa. Mchango unatolewa na mwajiri peke yake, wala haukatwi katika mshahara. Mwanzoni mwajiri wa sekta binafsi alitoa asilimia 1 ya mishahara anayolipa. Baadaye kiwango kilipunguzwa, na mwaka 2022 kikafika asilimia 0.5, yaani Sh. 5 katika kila Sh. 1,000. Mwenye uwanja asiyejiandikisha anaokoa shilingi hizo tano. Siku mashine inapokata mkono wa kijana, yeye na jamaa za kijana wanaanza kupitisha daftari la mchango mtaani.

Kuanza

Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne anatakiwa na sheria ateue mwakilishi wa usalama na afya. Afadhali awe mtu ambaye wenzake wanamwamini, si mpwa wa mwenye uwanja. Kazi yake ni kutazama hatari na kuzisema. Mwenye wafanyakazi watatu halazimishwi kuteua mwakilishi, lakini anaweza kukaa nao robo saa kila Jumatatu kabla mashine haijawashwa, akawauliza: wiki iliyopita nani aliumia, nani alikohoa, kitu gani kimeharibika? Mara ya kwanza watanyamaza wote. Mara ya pili mmoja atasema juu ya waya. Waya ule ukitengenezwa siku hiyo hiyo, mara ya tatu watasema mengi.

Maswali ya kujadili na hesabu

1. Taja watu watatu katika mtaa wenu ambao ni waajiri, lakini hawajiiti waajiri.

2. Kijana anafanya kazi saa 9 kila siku kwa siku 6. Je, jumla ni saa ngapi kwa wiki? Zimezidi kiwango cha sheria kwa saa ngapi?

3. Mwenye uwanja analipa mishahara ya Sh. 800,000 kwa mwezi. Kwa kiwango cha asilimia 0.5, mchango wake kwa Mfuko wa Fidia ni shilingi ngapi?

4. Vijana watano wanafanya kazi juani kwa saa 4. Kila mmoja anakunywa robo lita kila baada ya dakika 20. Ndoo ya lita 20 itawatosha? Kama haiwatoshi, pungufu ni lita ngapi?

5. Mwalimu na wanakisomo watembelee uwanja mmoja wa matofali ulio karibu na darasa. Watazame maji ya kunywa yako wapi, kivuli kiko wapi, na vumbi linaelekea upande gani. Wakirudi waandike walichokiona.